Askari, Kamera na Mawe ya Kale ya Mashariki

Mtu asimamaye na kamera mbele ya bwawa la Nalubaale pale Jinja huondolewa upesi na walinzi, na ni haki aondolewe. Bwawa hilo, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, ni mtambo wa umeme na pia ni njia ya kuvukia mto Nile. Na jeshi lisilojua kulinda mitambo ya taifa lake si jeshi. Lakini mtu huyo huyo akiichukua kamera yake akapanda gari hadi wilaya ya Kumi, akasimama mbele ya mwamba wa Nyero wenye michoro myekundu ambayo wenyeji wa leo waliikuta hapo walipohamia, je, askari wa doria amtazame kwa jicho lile lile? Hilo ndilo swali tunalotaka kulizungumza leo na ndugu zetu wa Majeshi na wa Polisi.

Jibu letu ni kwamba asimtazame hivyo. Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1964 inahusu mahali palipopigwa marufuku kwa ajili ya usalama wa dola: kambi, maghala ya silaha na mitambo ya namna hiyo. Haihusu mwamba wa kale, wala kaburi la chifu, wala gofu la stesheni ya reli. Tena twaongeza jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya maafande: picha ya jiwe la kale, ikipigwa ipasavyo na kuwekwa mahali ipasapo, ni sehemu ya ulinzi wa nchi, na askari aliyepangiwa kazi katika wilaya za mashariki anaweza, kuliko raia yeyote, kuisaidia kazi hiyo au kuiua.

Tuanze na Jinja yenyewe, mji ambao hata jina lake latokana na neno la wenyeji lenye maana ya jiwe. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali ambapo maji ya ziwa yalikuwa yakiruka juu ya miamba na kuwa mto. Akayaita Maporomoko ya Ripon, kwa jina la bwana mkubwa mmoja wa kwao, ingawa Wasoga walikuwa wakiuita mto ule Kiyira tangu zamani na hawakungoja mgeni awaambie maji yao yatoka wapi. Waliofuata baada yake, wamisionari, maafisa, wafanyabiashara wa Kihindi na wasafiri wa kila namna, walipiga picha za maporomoko hayo kwa miaka mingi. Bwawa lilipojengwa, maji yakapanda na maporomoko yakatoweka. Leo kijana wa Jinja akitaka kuyaona mawe ambayo mababu zake walisimama juu yake wakivua samaki, hana pa kwenda ila kwenye picha. Yaliyotokea mwaka 1954 yalirudiwa karibu miongo sita baadaye chini kidogo ya mto: Maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga huyahusisha na mzimu wa Budhagali, yalizama bwawa jipya lilipojaa, na mtambo wake ukazinduliwa mwaka 2012. Hatulaumu ujenzi wa mabwawa. Nchi isiyo na umeme haina viwanda, na isiyo na viwanda hununua hata kijiti cha kiberiti. Tunalosema ni kwamba palipozama pana picha nyingi, kwa sababu watu waliruhusiwa kupiga. Na kama wangalifukuzwa, tungekuwa na maji tu na hadithi.

Sasa tuende Mbale. Kutoka huko barabara ya kaskazini huingia Teso, na baada ya kilomita 55 hivi mtu hufika Kumi. Kutoka Kumi kuelekea Ngora, mwendo wa kilomita 8 hivi, ndipo ilipo miamba ya Nyero. Mahali penye michoro ni sita. Pa pili ndipo pakubwa kuliko pote: ukuta wa jiwe wenye urefu wa mita kama 10 kwenda juu, na juu yake zaidi ya makundi 40 ya duara ndani ya duara, yote kwa rangi nyekundu, pamoja na maumbo marefu ambayo wengine huona ni mitumbwi na wengine huona ni maganda ya mti wa mgunga. Penginepo michoro ni myeupe. Mtu anayetafuta picha za vita au za wanyama wakikimbizwa, kama zile zinazoonekana Kusini mwa Afrika, atatoka mikono mitupu. Wataalamu, akiwamo Mganda mwenzetu Catherine Namono, aliyeitafiti kwa miaka, wanaihesabu kuwa kazi ya wawindaji wa kale walioishi huku kabla ya wakulima na wafugaji. Wateso wenyewe husema kuwa waliikuta. Hata hivyo hawakuidharau. Walipafanya mahali pa kuombea mvua na kutolea sadaka.

Nyero si peke yake. Kuna Mukongoro, kuna Ngora, kuna Komuge, kuna kilima cha Kakoro katika wilaya iitwayo Butebo tangu mwaka 2017, ambako pamoja na michoro kuna jiwe linalolia kama kengele likigongwa. Na kuna kisiwa cha Dolwe katika Ziwa Victoria, ambacho tutakirudia. Mahali pote hapa sita paliwekwa na Serikali katika orodha ya awali ya UNESCO mwaka 1997. Tangu hapo wenzetu wa Tanzania wamefanikiwa kuingiza michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia, mwaka 2006, na wa Kenya wakaingiza maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, mwaka 2018. Yafaa tujiulize kwa nini wao wamepita mlangoni nasi tungali barazani. Sababu ziko nyingi, nyingine za fedha, nyingine za ofisi; lakini moja tunaijua vema. Anayeomba mahali pake pahesabiwe kuwa ni urithi wa wanadamu wote huulizwa kwanza: pana nini hasa, pana hali gani, na nani anapalinda? Asiye na picha za mwaka huu za kulinganisha na picha za miaka 50 iliyopita hawezi kujibu swali la pili, na asiye na askari anayepajua mahali hapo hawezi kujibu la tatu.

Adui wa mawe haya ni nani? Si jasusi. Mwamba wa matale ni mali. Huwashiwa moto hadi upasuke, kisha hupondwa kwa nyundo hadi uwe kokoto, na katika vilima vingi vya mashariki mtu akipita barabarani huwaona akina mama wakiketi juani na marundo yao kando, wakingoja lori. Hatusemi kuwa mama huyo ni mhalifu. Anatafuta ada ya shule, na kama angekuwa na shamba la kutosha asingekuwa anapiga jiwe. Lakini haja ya mawe inazidi. Oktoba 2024 Serikali ilitia saini mkataba wa ujenzi wa reli mpya kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ikipitia Tororo na Jinja. Reli hulala juu ya kokoto. Kila daraja, kila stesheni, kila barabara ya kufikia kazini itahitaji jiwe kutoka mahali fulani, na mwenye lori hatauliza kama upande wa pili wa mwamba una duara nyekundu.

Hapa ndipo picha inapogeuka kuwa silaha ya sheria. Tuchukue mfano: mtu amepasua mwamba wenye michoro, na askari polisi wa kituo cha karibu amemkamata. Mshtakiwa anasimama mbele ya hakimu na kusema, kwa utulivu kabisa, kwamba lile lilikuwa jiwe kama mawe mengine. Mashahidi wa kijijini watakuja, lakini mmoja atasema michoro ilikuwa kulia, mwingine atasema kushoto, na wa tatu atakuwa shemeji wa mshtakiwa. Jiwe lenyewe limekwisha kuwa sakafu ya nyumba ya mtu. Bila picha, kesi imekufa kabla haijazaliwa. Nchi yetu ilikuwa na sheria ya kulinda kumbukumbu za kale tangu mwaka 1967, na sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale imepatikana mwaka 2023, baada ya miaka 56. Sheria mpya ni jambo jema. Lakini sheria haina macho.

Mambo haya yamekwisha kufika mbele ya majaji wa dunia. Mwaka 2012 watu wenye silaha waliouteka mji wa Timbuktu, nchini Mali, waliyavunja makaburi ya mawalii kwa majembe na sururu. Mmoja wa viongozi wao, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, akakiri kosa, na tarehe 27 Septemba 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Kati ya ushahidi uliowekwa mezani ni picha: za mahali palivyokuwa kabla, za wavunjaji wakiwa kazini, na zile zilizopigwa kutoka angani baada ya uharibifu. Askari wetu waliokwenda Somalia tangu Machi 2007 wanayaelewa mambo haya pasipo kufundishwa, kwani wamepita katika mitaa ya kale ya Mogadishu yenye kuta za matumbawe zilizotobolewa na risasi, na mwezi Oktoba 2014 waliingia Barawa, mji wa kale ambao wenyeji wake husema Chimwini, ndugu wa hiki Kiswahili tunachoandikia. Huko walikutana na adui anayevunja makaburi ya mashekhe kama sehemu ya vita vyake. Askari aliyeyaona hayo ugenini akirudi nyumbani hawezi kusema kwamba mawe ya kale ni mambo ya walimu.

Lakini tusizungumze tu juu ya michoro ya watu wasiojulikana. Mashariki mwa Uganda pana mahali ambapo historia ya askari wenyewe imelala chini ya majani, na twaona ni aibu kwamba wengi wa waliovaa sare hawajui hata jina lake. Mahali hapo ni Bukaleba, katika wilaya ya Mayuge, kando ya ziwa, si mbali na Jinja. Hapo palikuwa na ngome iliyoitwa kwa jina la Luba, chifu wa sehemu ile. Mwaka 1897 askari wa Kisudani, wale ambao Lugard aliwaleta mwaka 1891 kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha, walikuwa ndio uti wa mgongo wa jeshi la Waingereza katika nchi hii. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizo na mwisho. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao wa pwani, ulilipwa kwa vitambaa, na ulichelewa. Walipoamriwa kufuata msafara mwingine tena, ule wa Meja Macdonald, bila kuambiwa vema wanakwenda wapi na kwa muda gani, na wake zao wakiachwa nyuma, waliasi huko Ravine, wakarudi magharibi na kuishika ngome ya Luba.

Meja Thruston, aliyejua Kiarabu na aliyeamini kuwa watu wake hawatamdhuru, aliingia ngomeni kuzungumza nao, wakamfunga. Tarehe 19 Oktoba 1897 palipiganwa vita vikali juu ya kilima karibu na hapo. Na baada ya vita hivyo Thruston na Waingereza wengine wawili, Wilson na Scott, waliuawa. Upande wa Macdonald, tukumbuke, waliopigana kwa wingi hawakuwa Waingereza. Walikuwa Waswahili wa pwani, Makalasinga wachache kutoka India, na baadaye Waganda kwa maelfu. Ngome ilizingirwa hadi mwanzoni mwa Januari 1898, ndipo waasi walipotoroka kwa njia ya maji, wakaenda kupigwa karibu na Ziwa Kyoga mwezi uliofuata. Maasi hayo yaliwatisha wakubwa wa London, wakapanga upya majeshi yao, na mwaka 1902 likazaliwa jeshi la King's African Rifles, babu wa majeshi yote ya Afrika ya Mashariki, yakiwamo na desturi zake za gwaride na Kiswahili chake cha kambini. Na miaka 66 baada ya Bukaleba, tarehe 23 Januari 1964, askari wa kambi ya Jinja nao waligoma kwa sababu ya mishahara, na Serikali changa ya uhuru ikalazimika kuwaita Waingereza waje kutuliza mambo. Mwanafunzi wa chuo cha kijeshi anayetaka kujua kwa nini ulipaji wa askari kwa wakati ni jambo la usalama wa taifa anaweza kusoma kitabu. Lakini pia anaweza kupelekwa Bukaleba.

Akipelekwa leo ataona nini? Sehemu kubwa ya hifadhi ya Bukaleba imepandwa miti ya mbao, misonobari na mikaratusi, na ngome ile ilikuwa ya udongo, ambao mvua na mizizi ya miti havikuuhurumia. Si mbali na hapo, huko Kyando, pana mahali anapokumbukwa Askofu James Hannington, aliyeuawa katika nchi ya Luba tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Na huko mahujaji huenda, kwa sababu Kanisa lina watu wa kukumbuka. Ngome haina Kanisa. Ina jeshi na polisi tu, kama watataka.

Vivyo hivyo kwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeingia nchi za Bukedi mwishoni mwa karne ya 19 na kuacha nyuma yake msururu wa ngome. Pale Budaka alijenga boma mwaka 1901, lenye kuta za udongo na handaki. Kisha akasogea kwenye miguu ya Mlima Elgon, na mji wa Mbale tunaoujua leo ukaota kutokana na makao yake. Waingereza walipomaliza kumtumia huko walimpeleka Jinja, akawa rais wa baraza la Busoga tangu 1906 hadi 1913. Wapo Wagisu na Wateso ambao mpaka leo hawana neno zuri la kusema juu yake, nasi hatutaki kuwalazimisha. Lakini handaki ni handaki. Alichimbisha nani, kwa nguvu gani, na kwa hesabu gani ya kivita, ni maswali ambayo hayawezi kuulizwa mara handaki likishalimwa na trekta.

Kupiga picha ya handaki lililofukiwa nusu kunahitaji akili kuliko kamera ya bei. Saa sita mchana jua likiwa utosini, ardhi yote huonekana sawa kama meza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au jua likikaribia kuzama, kivuli hulala upande mmoja, na kila tuta na kila shimo hujitokeza lenyewe. Hata michoro iliyochongwa au vishimo vilivyopigwa juu ya jiwe huonekana vizuri zaidi kwa mwanga wa ubavuni. Askari wa zamu ya alfajiri, basi, tayari yuko kazini katika saa iliyo bora.

Na polisi hawahitaji kufundishwa upya namna ya kupiga picha hizi. Askari wa upelelezi afikapo mahali pa tukio hupiga picha ya kwanza kutoka mbali, ionyeshe mahali pote na njia ya kuingilia. Ya pili kwa karibu kiasi, ionyeshe kitu na majirani zake. Ya tatu kwa karibu kabisa, akiwa ameweka kipimo kando. Anaandika tarehe, saa, jina la kijiji na alikosimama. Jiwe la kale lapigwa picha kwa utaratibu huo huo. Tofauti ni kwamba maiti huondolewa siku ile ile, na jiwe hubaki, kwa hiyo picha yaweza kurudiwa kila mwaka kutoka mahali pale pale, na anayezilinganisha ataona ufa umekua kiasi gani. Kipimo kiwe rula au fimbo yenye alama. Tumewahi kuona picha ambazo bunduki imeegemezwa jiweni ili kuonyesha ukubwa. Hizo hazimfai mwanahistoria wala hazimpendezi mkuu wa kikosi.

Lakini tusimfanye mpiga picha kuwa malaika. Wako waharibifu wenye kamera shingoni. Wengine humwagia michoro maji ili rangi ing'ae kwa dakika mbili, wasijue kuwa maji hayo huacha chumvi juu ya jiwe, na mwaka hata mwaka utando mweupe huifunika rangi. Wengine huzungushia michoro chaki ili ionekane vema katika simu. Wengine huandika majina yao. Na wako wanaotangaza kwa watu wasiowajua mahali kamili palipo na kaburi au rundo la mawe la zamani, na baada ya juma moja wanafika wenye tamaa ya mali iliyozikwa, na majembe yao. Hawa wote askari anayo haki, na wajibu pia, ya kuwazuia. Tofauti kati ya kumzuia mtu asimwage maji na kumzuia asipige picha ni tofauti ndogo kwa anayesimamishwa barabarani usiku, lakini ni kubwa sana kwa jiwe.

Jambo jingine linatusumbua. Picha zilizo nyingi na nzuri za miamba hii ziko wapi? Tangu mwaka 1996 shirika la TARA, lililoanzishwa Nairobi na David Coulson, limepiga picha michoro ya miambani ya sehemu nyingi za Afrika, na kutoka mwaka 2013 picha zake zipatazo 25,000 ziliingizwa katika kumbukumbu za British Museum, London, zikiwamo za Nyero. Tunawashukuru, kazi yao imefanywa kwa uangalifu na yeyote aweza kuiona. Kabla yao J. H. Chaplin, aliyekuwa mkaguzi wa kumbukumbu za kale Uganda katika miaka ya 1960, alichora na kuorodhesha michoro ya kando ya ziwa hili, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1974. Lakini twaona si vema mtoto wa Kumi aijue Nyero kupitia London, kama vile mtoto wa Jinja alivyofundishwa kuwa mto wake uligunduliwa na Speke. Makumbusho ya Taifa pale Kampala, yaliyoanzishwa mwaka 1908, ndiyo nyumba ya picha za aina hii. Nakala moja ikae kituoni, na nyingine ipelekwe huko. Moto hauchagui: makaburi ya Kasubi, yaliyokuwa katika Urithi wa Dunia tangu 2001, yaliteketea tarehe 16 Machi 2010 katika usiku mmoja, na ilichukua hadi mwaka 2023 kuyaondoa katika orodha ya hatari. Paa la nyasi laweza kusukwa tena na mafundi wanaokumbuka lilivyokuwa. Mchoro wa Nyero hauna fundi aliye hai.

Magofu ya jana nayo yasisahauliwe. Namasagali, kando ya Nile katika wilaya ya Kamuli, ilikuwa mwisho wa reli ya Busoga iliyokamilika mwaka 1912 kutoka Jinja. Kutoka hapo meli zilichukua pamba na abiria kuvuka Kyoga. Mafuriko ya miaka ya 1961 na 1962 yaliimaliza bandari, na majengo ya reli yakageuzwa shule. Chuma na matofali yaliyobaki ni chakula cha wanunuzi wa vyuma chakavu, na kila askari wa kituo cha mashambani anajua biashara hiyo inavyokwenda usiku.

Tumeahidi kuirudia Dolwe, ambayo wengine huiita Lolui. Kisiwa hiki kimo katika wilaya ya Namayingo. Ugonjwa wa malale ulioanza mwanzoni mwa karne ya 20 uliua zaidi ya watu 200,000 katika pwani na visiwa vya upande wetu wa ziwa, na waliosalia wakahamishwa kwa amri ya Serikali. Dolwe ikabaki tupu kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo mawe yake yalipona. Watafiti Jackson, Gartlan na Posnansky walipochapisha taarifa yao mwaka 1965 walieleza juu ya miamba inayotoa mlio ikigongwa, iliyojaa vishimo vya mapigo ya vizazi, na michoro karibu nayo. Kuna vinu vya kusagia vilivyochimbika katika mwamba, na marundo ya mawe. Leo wavuvi wamerudi, nyumba zimejengwa, na mawe yanahitajika kwa misingi.

Tangu mwaka 2017 jeshi limeshika kazi ya kusimamia uvuvi katika ziwa, na mashua zake hufika visiwa ambavyo mtaalamu wa mambo ya kale hufika mara moja kwa miaka mingi. Askari hao hungoja: hungoja mafuta, hungoja amri, hungoja upepo utulie. Wana simu zenye kamera mifukoni. Jiwe moja la mlio laweza kuhesabiwa vishimo vyake vyote, na kupigwa picha ya mbali, ya karibu na ya karibu kabisa, rula ikiwa kando, kabla jua halijapanda juu ya Siaya.